KILA KITONGOJI KIWE NA MTU WAKE

Galula ni kata katika Wilaya ya Songwe, kwenye bonde linaloteremka na Mto Songwe kuelekea Ziwa Rukwa. Makao makuu ya wilaya yako Mkwajuni, na ya mkoa, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, yako Vwawa. Serikali aijuayo mkulima au mfugaji wa huko ni ile ya kitongoji, kijiji na kata. Basi namna viongozi hao wachaguliwavyo si jambo dogo.

Swali ni hili: yafaa kila sehemu ichague mtu wake, au watu wote kwa pamoja wachague viongozi wote?

Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 yazichanganya njia hizo mbili. Diwani huchaguliwa na kata yake peke yake. Mwenyekiti wa kitongoji huchaguliwa na wakazi wa kitongoji chake, na kwa cheo hicho huingia katika halmashauri ya kijiji. Lakini mwenyekiti wa kijiji na wajumbe waliobaki huchaguliwa na kijiji kizima. Halmashauri yote huwa na watu kati ya 15 na 25.

Tuchukue mfano wa kijiji chenye wapiga kura 1,000: 600 wanakaa karibu na soko, na 400 wametawanyika mashambani. Kama viti vyote vingepigiwa kura na kijiji kizima, wale 600 wakipatana wangevitwaa vyote. Wale 400 hawakunyimwa kura. Walipiga, zikahesabiwa, lakini wamerudi nyumbani mikono mitupu. Kisha halmashauri hiyo hiyo ndiyo isimamiayo ardhi, kwa Sheria Namba 5 ya mwaka 1999. Ikikaa kupanga wapi palimwe na wapi pachungiwe ng'ombe, nani atawasemea wa mashambani?

Haya si mambo ya kubuni. Katika mji wa Mobile, nchini Marekani, tangu mwaka 1911 makamishna watatu walichaguliwa na mji mzima. Watu weusi walikuwa kama theluthi moja ya wakazi, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuchaguliwa. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikataa kuutengua mpango huo. Hata hivyo, mwaka 1985 mji uligawanywa katika sehemu saba, kila sehemu na diwani wake. Nasi Tanganyika tuliyaona ya kura tatu mwaka 1958, mpiga kura alipolazimishwa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia pamoja. Mpango wa kura si kazi ya makarani tu. Ndani yake mna haki au dhuluma.

Wapo wasemao kwamba uchaguzi wa sehemu huzaa ubinafsi, kila mtu akivutia kisima kwake. Hoja hiyo ina uzito. Tena vitongoji havilingani: kidogo na kikubwa kila kimoja hutoa mwenyekiti mmoja. Na wapo wasioweza kusaidiwa na mipaka. Wanawake wamo katika kila kitongoji, wala hakuna kitongoji chao. Ndiyo maana sheria imewatengea nafasi zao.

Kwa hiyo hatusemi kura ya kijiji kizima ifutwe. Mwenyekiti wa kijiji ni wa wote, na achaguliwe na wote. Twasema kiti cha kitongoji kilindwe, na mipaka ya vitongoji ichorwe kwa kufuata idadi ya watu, si kwa kufuata urafiki. Na wakati wa kuteua wagombea wa viti vilivyobaki, wanachama watazame kijiji chote, wasikusanye majina ya jirani zao tu.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba, 2024, na kipindi ni miaka mitano. Muda wa kuirekebisha mipaka ni sasa, si wiki ya kampeni. Wanachama na wafanyakazi wa Galula na kwingineko, hudhurieni mikutano mikuu ya vijiji vyenu, mwulize kila kitongoji kina watu wangapi na wajumbe wangapi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji asiye na msemaji hugeuka mgeni kwake mwenyewe.