Uwasilishaji wa mdomo kati ya tamaduni

Uwasilishaji wa mdomo kati ya tamaduni ni kazi ya kueleza kwa sauti jambo lililoandaliwa, mbele ya wasikilizaji ambao desturi zao za kusema na kusikiliza ni tofauti na za msemaji. Hutokea mwanafunzi anapotetea tasnifu katika chuo cha ng'ambo, mtafiti anapotoa mada katika kongamano, au ofisa anapozungumza katika mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Ugumu wake hauko katika lugha peke yake. Msemaji anayeijua lugha vizuri anaweza kueleweka vibaya kwa sababu ya salamu, mpangilio wa hoja, macho, ukimya au hata namna ya kuandika tarakimu. Mara nyingi tofauti ya desturi huhesabiwa kuwa upungufu wa elimu au wa adabu, na mtu hukosa alama, kazi au mkataba bila kuambiwa sababu.

Historia

Sanaa ya kusema mbele ya watu, yaani balagha, ni ya kale. Katika karne ya 4 KK mwanafalsafa Mgiriki Aristotle alifundisha kwamba msemaji hushawishi kwa njia tatu: tabia yake anavyoonekana, hisia za wasikilizaji, na hoja zenyewe. Njia hizo zote humtegemea msikilizaji, kwa sababu yeye ndiye anayeamua nani anaaminika na hoja ipi inatosha.

Utafiti wa mawasiliano kati ya tamaduni ulipata nguvu kutokana na mwanaanthropolojia wa Marekani Edward T. Hall, aliyetoa kitabu The Silent Language mwaka 1959. Katika Beyond Culture (1976) alitofautisha jamii ambazo maana huelezwa wazi kwa maneno na zile ambazo sehemu kubwa ya maana hutokana na mazingira, cheo na uhusiano wa wanaozungumza.

Mwanzo na mpangilio

Nchini Tanzania na Kenya, msemaji katika hafla rasmi hutarajiwa kusalimu na kuwatambua viongozi kwa vyeo vyao. Orodha ikiwa ndefu, hufupishwa kwa kusema "itifaki imezingatiwa". Katika makongamano mengi ya kitaaluma ya Marekani, mtu aliyepewa dakika 15 hutarajiwa kuingia katika mada karibu mara moja. Kwa hiyo Mmarekani anaweza kuonekana hana adabu Dodoma, na Mtanzania akaonekana anapoteza muda Chicago, ingawa kila mmoja amefuata alivyofunzwa.

Tofauti ya pili ni mahali pa hitimisho. Baadhi ya wasikilizaji hutaka jibu kwanza, kisha sababu. Wengine hutaka kuelezwa chanzo cha jambo kabla ya kufikishwa kwenye jibu, na jibu la haraka huwatia shaka. Njia inayosaidia pande zote ni kutangaza mpango mwanzoni: mambo mangapi yataelezwa, na hitimisho litakuja wapi.

Macho, ukimya na maswali

Nchini Marekani kumtazama msikilizaji machoni huchukuliwa kuwa dalili ya kujiamini. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kijana hufunzwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa, nayo ni heshima. Nchini Japani, ukimya baada ya maelezo unaweza kuwa ishara ya kutafakari, wala si lazima uwe wa kukataa. Nchini Bulgaria kutikisa kichwa upande hadi upande humaanisha "ndiyo".

Swali "Mmeelewa?" halitoshi, kwani wengi hujibu "ndiyo" kwa adabu. Ni afadhali kuuliza swali linalomtaka msikilizaji aeleze kwa maneno yake.

Tarakimu na saa

Kwa Kiingereza cha leo "billion" ni milioni elfu moja. Kwa Kifaransa, kinachotumika Burundi na Kongo, kiasi hicho huitwa "milliard", na "billion" ni kubwa zaidi mara 1,000. Aidha, anayefuata kanuni za Kifaransa anaweza kusoma "2,500" kuwa mbili na nusu, kwa kuwa kwake mkato hutenga desimali.

Saa ya Kiswahili huhesabiwa kuanzia mapambazuko, hivyo saa mbili asubuhi ni 8:00 kwa saa ya kimataifa. Tarehe 4/7 kwa Mmarekani ni Aprili 7. Dawa yake ni kuandika jina la mwezi, kutaja ni saa ya hesabu gani, na kueleza kiasi kikubwa kwa maneno.

Mkalimani na methali

Mkalimani akitafsiri baada ya kila kifungu, muda wa msemaji hupungua kwa karibu nusu. Mada ya dakika 20 iandaliwe kwa dakika 10. Slaidi, majina na istilahi apewe mapema. Methali ifuatwe na maana yake: "Mgeni njoo, mwenyeji apone" ikitafsiriwa neno kwa neno, msikilizaji anaweza kudhani mgeni ni tabibu.

Namna ya kujifunza

Anayejiandaa huanza kwa kuuliza wenyeji: wasikilizaji ni akina nani, muda ni kiasi gani, na maswali huulizwa katikati au mwishoni. Kisha hufanya mazoezi huku akijirekodi, na humwomba mtu mmoja wa utamaduni huo amsikilize na kusimulia alichoelewa. Pale simulizi inapotofautiana na kusudio ndipo pa kurekebisha.

Tahadhari

Maelezo kuhusu tamaduni hayapaswi kugeuzwa kuwa hukumu juu ya kila mtu. Mholanzi Geert Hofstede, katika kitabu chake cha mwaka 1980, alilinganisha mataifa kwa kutumia madodoso ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM. Baadaye takwimu za Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia ziliwekwa katika kundi moja la "Afrika Mashariki". Wakosoaji wamehoji kama wafanyakazi wa kampuni moja wanaweza kuwakilisha taifa zima. Umri, kazi na elimu pia huunda desturi: wahandisi wawili wa nchi mbili wanaweza kuelewana upesi kuliko mhandisi na mkulima wa kijiji kimoja. Kwa sababu hiyo, kuwauliza wasikilizaji wenyewe ni salama kuliko kuwakisia kwa utaifa wao.