Ivuna Farasi Hakai, Punda Anakaa

Wanaoniuliza kama inawezekana kuanza kazi ya farasi ukubwani wana historia zinazofanana. Mmoja amekuwa utingo wa malori ya Tunduma tangu ujana na mgongo sasa unamkatalia. Mwingine amebadilisha fedha mpakani miaka na miaka, na anataka kurudi kwao bondeni akiwa na kazi ya mikono. Mwingine ni mwalimu anayekaribia kustaafu. Wote wamevutiwa na mnyama yule yule waliyemwona kwenye televisheni, na wote wanaogopa kuwa wamechelewa.

Umri si tatizo, na nitaeleza kwa nini. Mahali ndipo penye tatizo. Aliye Arusha au Kilimanjaro anaweza kuomba kazi kwenye mazizi ya farasi wanaopandwa na watalii, aanze kwa kuzoa samadi na kupiga brashi kama saisi yeyote. Dar es Salaam, Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi. Nairobi kuna uwanja wa mbio wa Ngong. Aliye Ivuna, chini kabisa kwenye bonde la Ziwa Rukwa, namshauri amwache farasi na aanze na ndugu yake, punda.

Sababu ni ugonjwa. Ugonjwa wa farasi wa Afrika husababishwa na virusi vya aina tisa, na huenezwa na visubi wa jamii ya Culicoides, wadudu wadogo kuliko mbu wanaouma kuanzia machweo hadi alfajiri. Farasi asiye na kinga akiupata, mapafu hujaa maji, povu humtoka puani, na mnyama aliyekula vizuri asubuhi anaweza kuwa mzoga jioni. Katika milipuko, farasi 70 hadi 95 kati ya 100 wanaougua hufa. Baghala, chotara wa punda na farasi, hufa karibu nusu. Punda hufa mmoja hivi katika kumi, na wengi hawaonyeshi dalili yoyote. Chanjo ipo, lakini inataka ubaridi wakati wote, daktari wa karibu, na kurudiwa kila mwaka. Bonde lenye joto na maji yaliyotuama linawafaa visubi kuliko linavyomfaa farasi. Ongeza mbung'o, ambao hawamsazi hata punda, na utaelewa kwa nini biashara ya zamani ya ukanda huu ilitembea kwa miguu ya watu.

Chumvi ni mfano mzuri. Brian Fagan na John Yellen, waakiolojia waliochapisha matokeo ya uchimbaji wao wa Ivuna mwaka 1968, walionyesha kuwa watu walitengeneza chumvi hapa tangu karne ya 13 hivi. Kwa mamia ya miaka mzigo ulitoka bondeni ukiwa kichwani na begani. Leo chumvi bado ipo, na mpunga umeongezeka, na maji na kuni vinahitajika kila siku. Gari hufika pale barabara inaporuhusu, na masika huwa hairuhusu kila mahali. Kati ya shamba na barabara kuna kilomita chache ambazo bado zinabebwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke. Hapo ndipo ninapoona kazi ya punda na riziki ya mwenye punda.

Ukanda huu una ujuzi wa wanyama wa kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na mradi wa maksai uliojikita Uyole, Mbeya, na Wasukuma walioteremka Rukwa na ng'ombe wao wamelima kwa plau miaka mingi. Ila ujuzi huo huo wa maksai ndio unaomponza punda, kwa sababu mtu huchukua nira ya ng'ombe na kumvika.

Nira hukaa mbele ya nundu, na ng'ombe husukuma kwa nundu na shingo. Punda hana nundu. Pale juu, mahali shingo inapokutana na mabega, mfupa uko karibu na ngozi, hakuna nyama ya kuupokea mti. Wiki mbili chini ya nira huleta kidonda, na kidonda hicho huchukua miezi kupona. Nguvu ya punda iko kifuani. Mfunge mkanda mpana wa kifuani, usiopungua upana wa vidole vinne, uliotengenezwa kwa turubai nene au mpira wa ndani wa tairi uliofunikwa kitambaa. Ukae juu ya kiungo cha bega ili mguu utembee, na chini ya koo ili asikabwe. Mgongoni weka pedi mbili, moja kila upande wa uti, uzito wa miti ya mkokoteni ukae juu ya nyama na katikati ibaki wazi. Kisha kuna mkanda wa nyuma unaozunguka makalio. Wengi huuacha, na bila huo, mteremkoni mkokoteni humgonga miguu ya nyuma na yeye hujifunza kuuogopa.

Kila asubuhi kabla ya kumfunga, pitisha kiganja kuanzia shingoni hadi kiunoni kufuata manyoya yanavyolala. Unatafuta pale penye joto kuliko kwingine, pale anaposhtuka, na pale manyoya yaliposhikamana kwa usaha. Anayebeba chumvi mkague mara mbili, kwa sababu gunia linalovuja huingiza maji ya chumvi kwenye kila mchubuko. Kuna dalili nyingine ambayo muuzaji mnadani hawezi kuificha: kidonda cha zamani huota manyoya meupe. Punda mwenye mabaka meupe begani au mgongoni anakuonyesha jinsi alivyotumikishwa.

Kwa kazi hii mtu mzima ana mtaji ambao kijana wa miaka 18 mara nyingi hana. Punda hukomaa taratibu na hujifunza kwa kurudia, tena hukumbuka sana. Anapoogopa hakimbii kama farasi, husimama. Watu huuita ukaidi na kuchukua fimbo. Mwaka 1866 David Livingstone alipanda bonde la Ruvuma akiwa na ngamia, nyati wa Kihindi, baghala na punda, akitaka kupima nani atastahimili mbung'o. Wanyama walimfia njiani, na yeye mwenyewe aliandika kuwa wasimamizi waliwapakia kupita kiasi na kuwapiga, hata jaribio lenyewe likaharibika. Mtu aliyelea watoto, au aliyekaa siku tatu kwenye foleni ya mpakani bila kugombana na mtu, anajua kungoja. Mpe punda dakika moja aangalie daraja au dimbwi, mwache anuse, mtangulize mwenzake anayelijua, na mara nyingi atavuka.

Nasema mwenzake kwa makusudi. Punda wawili waliozoeana hawatenganishwi. Mmoja akibaki zizini, aliyekwenda kazini huzubaa na kuacha kula. Anza na wawili.

Hesabu ya mzigo haina budi kufuatwa. Punda wetu wengi wana kilo 120 hadi 180. Mgongoni abebe theluthi moja ya uzito wake, basi: kilo 40 hadi 60, si gunia zima la mpunga. Kwenye mkokoteni wenye matairi ya upepo, njia tambarare na kavu, punda wawili huvuta kilo 400 bila kuumia. Kwenye tope punguza nusu. Maji anataka lita 15 hadi 25 kwa siku akifanya kazi kwenye joto. Majani ya mpunga yaliyokauka humtosha kwa sehemu kubwa ya chakula, ila pumba apewe kidogo: zina fosforasi nyingi na kalsiamu haba, na zikizidi huharibu mifupa na kwato. Joto lake la mwili ni kama nyuzi 37, chini ya la ng'ombe, kwa hiyo kipimo ambacho mfugaji wa ng'ombe angekiona cha kawaida kinaweza kuwa homa kwa punda. Pepopunda inamwua upesi. Kila kidonda cha kwato ni hatari, na kwato zinazokaa kwenye maji ya masika hulainika na kuoza. Zichongwe kila baada ya wiki sita hadi kumi. Dawa za nagana, ugonjwa wa mbung'o, zisichomwe kwa kubahatisha kipimo cha ng'ombe, maana jamii ya farasi hudhurika nazo kwa urahisi.

Anayetaka kwenda mbali zaidi, awe mtaalamu na si mwenye mkokoteni tu, njia iko wazi hata kwa mtu mzima. Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, una kampasi kadhaa, na ya Madaba mkoani Ruvuma ndiyo iliyoko upande wetu wa kusini. Wanaingia waliofaulu kidato cha nne katika masomo ya sayansi. Asiye na cheti hicho anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, kisha akafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kutibu mifugo kwa malipo kunataka kuandikishwa na Baraza la Veterinari. Ushauri wangu ni kutoacha kazi ya zamani mwaka wa kwanza. Fanya kazi na punda wa mtu mwingine kwanza, kiangazi na masika. Ukiweza kufika Lamu, ambako magari hayatembei katika mji wa kale na zahanati ya punda imekuwepo tangu 1987, nenda ukaangalie watu wanavyochonga kwato.

Limebaki suala la kununua. Punda jike hubeba mimba miezi 12, wakati mwingine zaidi, na huzaa mtoto mmoja. Ndiyo maana biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa China kutengeneza dawa ya ejiao, ilipunguza punda wa Afrika kuliko walivyoweza kuzaliana, na bei zikapanda hadi mchota maji akashindwa kununua mwingine badala ya aliyeibiwa. Februari 2024, Umoja wa Afrika ulikubaliana Addis Ababa kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Nunua majike wawili, na mfungue kila mmoja mdomo. Meno ya mbele ya chini: mawili ya kati hubadilika akiwa na miaka miwili na nusu, yanayofuata mitatu na nusu, ya pembeni minne na nusu. Asiyetimiza miaka minne asivute mzigo mzito. Wanunue baada ya mavuno, njia zikiwa kavu, muwe na miezi mitatu ya kuvuta mkokoteni mtupu kati ya nyumba na kisima kabla ya mvua ya kwanza.