Fahamu: Utambulisho wako unavyogusa masomo yako chuoni

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua jibu. Analipanga kichwani kwa Kiingereza, anahakiki sarufi, anatazama kushoto na kulia. Akija kunyoosha mkono, mhadhiri ameshahamia mada nyingine.

Nini kimemzuia?

Mwaka 1995, wanasaikolojia Claude Steele na Joshua Aronson walichapisha utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Wanafunzi walipewa mtihani mgumu wa lugha. Ulipotajwa kuwa kipimo cha akili, weusi walipata alama za chini kuliko weupe. Ulipoitwa zoezi tu la kutatua maswali, pengo lilipungua. Maelezo yao: hofu ya kuthibitisha dhana mbaya kuhusu watu wako hula nguvu za kufikiri. Majaribio ya baadaye yamepishana, na ukubwa wa athari hiyo bado unabishaniwa.

Tanzania je?

Hapa lugha ina uzito wake. Wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo kwa Kiingereza. Lafudhi hugeuka kipimo cha akili, na anayeogopa kuchekwa hunyamaza.

Dawa ni ipi?

Mwaka 2011, wanasaikolojia Gregory Walton na Geoffrey Cohen, pia wa Marekani, walieleza zoezi la takriban saa moja: wanafunzi wapya walisoma simulizi za waliowatangulia kwamba ugeni huwapata wote, na hupita. Alama za wanafunzi weusi zilipanda kwa miaka mitatu.

Mgeni akikaribishwa, hujiona mwenyeji.