Kuandaa Ziara ya Siku Moja Katika Mji wa Ikulu na Ngome: Safari ya Fort Portal kwa Wasomaji wa Butembo na Beni

1. Utangulizi

Mwalimu wa historia au wa Kiswahili afundishaye Butembo au Beni hukabiliwa na tatizo moja kila afikapo kwenye somo la falme. Wanafunzi wake husoma habari za ikulu, kasri na ngome bila ya kuwahi kuziona. Wasikiapo neno ngome, aghalabu hufikiria picha za Ulaya: minara ya mawe, malango ya chuma na handaki lililojaa maji. Hata hivyo, nyuma ya Mlima Ruwenzori, upande wa Uganda, upo mji wa kifalme ambao jina lake lenyewe limetokana na ngome. Mji huo ni Fort Portal, makao ya Omukama wa Tooro.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna ya kuandaa ziara ya mji huo kwa siku moja. Tutaanza na maneno, kisha historia, halafu hesabu ya njia na saa, na mwisho adabu na usalama. Mpangilio huu tumeuchagua kwa kuwa msafiri asiyejua aendacho kukiona hurudi na picha tu.

2. Maneno na maana zake

Kiswahili kina maneno kadhaa kwa vitu hivi, na kila moja limebeba historia yake. Ikulu ni makao ya mtawala; neno hili limetoka katika lugha za Wanyamwezi na Wasukuma wa bara, na leo latumika pia kwa makao ya rais. Kasri limetoka katika Kiarabu, nalo hutaja zaidi uzuri na ukubwa wa jengo kuliko mamlaka yaliyomo. Ngome ni mahali pa kujilinda, kama ile ya Mombasa ambayo Wareno waliianza mwaka 1593. Husuni, neno jingine la asili ya Kiarabu lenye maana ya ngome, limebaki katika jina la Husuni Kubwa huko Kilwa, ambako ajabu ni kwamba magofu yenyewe ni ya jumba la kifalme la karne ya 14. Gereza limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Huko Kilwa ni jina la ngome, na kwingineko ni mahali pa wafungwa. Boma ni uzio, kisha likawa ofisi ya mkoloni.

Kwa hiyo mpaka kati ya ikulu na ngome haukuwa wazi tangu zamani. Mahali pa mfalme palikuwa mahali pa kulindwa, na mahali palipolindwa paliweza kugeuka kuwa kifungo. Fort Portal ni mfano mzuri wa jambo hili.

3. Historia kwa ufupi

Ufalme wa Tooro ulizaliwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, pale Kaboyo, mwana wa Omukama wa Bunyoro, alipojitenga na baba yake. Baadaye Kabalega wa Bunyoro aliirudisha nchi hiyo chini ya himaya yake. Mwaka 1891 Mwingereza Lugard alifika pamoja na mwana-mfalme Kasagama aliyekuwa mkimbizini, akamweka kwenye kiti cha enzi. Katika safari hiyo Lugard alijenga ngome karibu na ziwa la chumvi la Katwe, akaiita Fort George, kisha akaweka katika ngome nyingine askari Wasudani waliokuwa wameachwa na Emin Pasha. Ngome ya Tooro iliitwa kwanza Fort Gerry, na hatimaye Fort Portal, kwa heshima ya Sir Gerald Portal, balozi wa Uingereza huko Zanzibar, aliyetumwa Uganda mwaka 1893 na kufariki mapema mwaka 1894.

Msomaji ataona kwamba ngome hizi hazikujengwa ili zidumu karne nyingi. Zilikuwa vituo vya kijeshi vya kumlinda mfalme dhidi ya jirani yake, na wakati huohuo za kumweka mfalme huyo chini ya mlinzi wake. Anayekwenda kutafuta minara atasikitika. Anayekwenda kutazama vilima, njia na mahali palipochaguliwa ataelewa.

Falme za Uganda zilifutwa mwaka 1967, zikarudishwa mwaka 1993. Ikulu ya Tooro, iitwayo Karuzika, ni jengo la mviringo juu ya kilima. Ilijengwa katika miaka ya 1960, ikaharibiwa baada ya kuanguka kwa Idi Amin mwaka 1979, ikakarabatiwa mwaka 2001 kwa msaada wa Libya. Omukama wa sasa, Oyo Nyimba Kabamba Iguru Rukidi IV, alirithi kiti mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka mitatu.

Kuna upande wa pili wa historia hii, nao unawagusa moja kwa moja wasomaji wa Butembo na Beni. Wakonjo waishio miteremko ya Ruwenzori upande wa Uganda ni ndugu wa Wanande, na lugha zao husikilizana bila mkalimani. Mapatano ya mwaka 1900 yaliwaweka Wakonjo chini ya Tooro. Tarehe 30 Juni 1962 Isaya Mukirania na wenzake walitangaza kujitenga, na ndipo ulipoanza ufalme wa Rwenzururu. Serikali ya Uganda iliutambua mwaka 2009, na mwanawe Charles Wesley Mumbere akatawazwa. Tarehe 27 Novemba 2016 jeshi liliivamia ikulu yake mjini Kasese, na watu zaidi ya 100 wakauawa. Mumbere alishtakiwa; mashtaka yakaondolewa mwaka 2023, naye akarudi Kasese mwaka huohuo. Kuitembelea Karuzika bila kuijua habari ya Kasese ni kusikiliza shauri la mtu mmoja na kutoa hukumu.

4. Hesabu ya njia na saa

Tuseme kikundi cha wanafunzi kumi na wawili kinaondoka Butembo. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54, na kutoka Beni hadi Kasindi ni kilomita 80. Baada ya kuvuka mpaka na kuingia Mpondwe, kuna takriban kilomita 130 kupitia Kikorongo na Kasese hadi Fort Portal. Jumla ni zaidi ya kilomita 260 kwa kwenda tu. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 520, pamoja na vizuizi vya barabarani na taratibu za mpaka mara mbili. Kwa hiyo lazima tuseme wazi: kutoka Butembo au Beni, kwenda na kurudi kwa siku moja ni jambo lisilofaa kujaribiwa. Ziara ya siku moja huanzia Kasese, na huhitaji usiku mmoja kabla yake na mwingine baada yake.

Mambo mawili huwapotosha wengi. La kwanza ni saa. Kivu ya Kaskazini iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Kikundi kinachofika Kasindi saa nne asubuhi kitaambiwa upande wa pili kwamba ni saa tano. Mkuu wa safari hana budi kutangaza mapema ni saa ya nchi gani itakayofuatwa. La pili ni upande wa kuendesha: Kongo magari hupita kulia, Uganda hupita kushoto. Hata anayetembea kwa miguu yampasa ajizoeze kutazama upande mwingine kabla ya kuvuka barabara.

Hati za kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano zikaguliwe wiki kadhaa kabla ya safari. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini uanachama huo haumwondolei msafiri wajibu wa kuuliza kwa idara ya uhamiaji masharti ya wakati huo. Ukaguzi wa afya mpakani usidharauliwe: katika mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 watu zaidi ya 2,200 walifariki upande wa Kongo, na mwezi Juni 2019 ugonjwa ulivuka hadi Bwera.

5. Mpango wa siku yenyewe

Kikundi kiondoke Kasese saa moja asubuhi kwa saa za Uganda. Kilomita 75 za barabara hiyo hufuata miguu ya Ruwenzori. Kabla ya kuingia mjini, kisimame Karambi, yalipo makaburi ya Kasagama, Rukidi III na Olimi III. Inafaa kuanza na makaburi, kwa kuwa hapo mwanafunzi huona mfuatano wa watawala kabla ya kuona jumba lao. Kuanzia saa nne hadi saa sita kipande kilima cha Karuzika, kwa idhini iliyoombwa mapema kwa barua. Baada ya chakula cha mchana, saa mbili zitumike mjini kwa kazi ya kuandika: kila mwanafunzi achague neno moja kati ya yale tuliyoyaeleza, aoneshe kama linafaa kwa alichokiona. Saa tisa na nusu safari ya kurudi Kasese ianze, ili giza lisikikute kikundi njiani.

6. Adabu

Huko Tooro salamu haikamiliki bila empaako, yaani jina la heshima na upendo kama Akiiki, Abwoli, Amooti au Adyeri. Mwaka 2013 UNESCO iliuorodhesha utamaduni huu miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mgeni akiuliza empaako ya mwenyeji wake atafunguliwa milango mingi. Kuhusu Kiswahili, wanafunzi wasishangae wakijibiwa kwa Kiingereza. Kwa muda mrefu lugha hii iliambatana na kumbukumbu za askari nchini Uganda, ingawa katiba iliitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Aidha, askari, vizuizi na majengo ya serikali visipigwe picha.

7. Usalama

Tangu Oktoba 2014 raia wengi wa eneo la Beni wameuawa na kundi la ADF. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka kanisani Kasindi. Tarehe 16 Juni mwaka huo wanafunzi wa shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, walishambuliwa, na watu takriban arobaini wakauawa. Njia ya ziara yetu inapita papo hapo. Kwa hiyo habari za barabara ziulizwe kwa mamlaka na kwa madereva siku ya kuamkia safari na asubuhi ya safari yenyewe. Mkuu wa kikundi awe na uwezo wa kuahirisha bila kuulizwa fedha zilizokwisha kulipwa, na wazazi wakubaliane na kanuni hiyo kwa maandishi. Kuahirisha ni sehemu ya mpango, si kushindwa kwake.

8. Hitimisho

Tumeonesha kwamba ziara hii yahitaji siku tatu ili siku moja ifae, na kwamba jengo litakaloonwa litakuwa dogo kuliko habari zake. Ikiwa njia haipitiki mwaka huu, mwalimu anaweza kuanza na sehemu ya kwanza darasani: ramani, maneno, na historia ya wafalme wawili wa mlima mmoja. Mwanafunzi wa Butembo ambaye babu yake ana ndugu Bwera ana haki ya kuijua historia hiyo, hata kabla ya barabara kumruhusu kwenda kuiona.