Mikoko Iliyozikwa: Kipimo cha Bahari ya Kale

Asimamaye katika delta ya Rufiji wakati wa bamvua huona maji yakipanda hata kuifunika mizizi ya mikoko, kisha yakapwa. Badiliko hilo ni la saa chache tu. Yako mengine yaliyochukua maelfu ya miaka. Yapata miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipofunika sehemu kubwa za kaskazini ya dunia, bahari ilikuwa chini ya usawa wa leo kwa mita 120 hivi, na Unguja ilikuwa imeungana na bara. Mambo hayo yamejulikanaje?

Ushahidi mmoja umo katika tope la delta. Mikoko haioti popote. Huota baina ya usawa wa wastani wa bahari na upeo wa maji makuu. Bahari ikipanda upesi, mikoko hufa na mizizi yake huzikwa katika mashapo. Mtaalamu hushindilia bomba refu ardhini, akatafuta tabaka la mboji ya mikoko. Kina cha tabaka hilo huonyesha bahari ilipofika. Umri wake huonyesha ilifika lini.

Umri hupimwa kwa njia ya Willard Libby wa Chicago, iliyotangazwa mwaka 1949 na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Mmea ulio hai hupokea kaboni-14 kutoka hewani. Ukifa haupokei tena, na kila baada ya miaka 5,730 nusu ya iliyobaki hutoweka.

Hata hivyo, tope hudanganya. Likilemewa na tabaka za juu hubonyea, na mboji iliyomo hushuka chini ya mahali ilipofanyika. Kwa hiyo hupendelewa mboji iliyolala moja kwa moja juu ya mwamba au ardhi ngumu.

Mwaka 1994 Stanley na Warne walilinganisha delta za sehemu nyingi duniani. Waliona kwamba zilianza kujengeka kati ya miaka 8,500 na 6,500 iliyopita, kasi ya kupanda kwa bahari ilipopungua. Kumbe delta huzaliwa pale tu mto uletapo tope upesi kuliko bahari ipandavyo.

Leo kasi hiyo inaongezeka tena, na kila bwawa, likiwemo la Julius Nyerere lililoanza kujazwa Desemba 2022, huzuia sehemu ya tope. Shamba la mpunga la Mrufiji limo katika mizani hiyo hiyo.