Kigali hadi Entebbe: Anga Moja, Saa Mbili

Askari aliyepangiwa safari ya kikazi nje ya nchi huuliza kwanza: ni mwendo wa saa ngapi? Swali hili ni jepesi, ila ratiba ya ndege yaweza kumpotosha hata ofisa mzoefu. Tuitazame safari ya Entebbe.

Kiwanja cha ndege cha Kigali kiko Kanombe, jirani na Remera. Mkaazi wa Giporoso aweza kufika langoni kabla redio haijamaliza taarifa ya habari. Kutoka hapo hadi Entebbe, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 340 hivi. Mstari huo huvuka mto Akagera, ukakata pembe ya Tanzania, ukaingia Uganda ya kusini na kumalizikia ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Kwa barabara ya Gatuna ni zaidi ya kilomita 500, nayo humla msafiri kutwa nzima.

Ndege ya abiria yenye kwenda kilomita 650 kwa saa ingalimaliza umbali huo kwa dakika 31, lau ingaliruka kwa mwendo huo tangu mwanzo. Lakini sehemu kubwa ya safari fupi ni kupanda na kushuka, tena kuna kutambaa uwanjani. Kwa hiyo huhesabiwa yapata saa moja.

Mtego wenyewe uko kwenye saa ya ukutani. Kigali imetangulia saa ya dunia kwa saa mbili. Entebbe, kwa saa tatu. Ndege ikiondoka Kigali saa 3 asubuhi, itatua saa 5 ya Entebbe. Ikiondoka Entebbe saa 6 mchana, itatua Kigali saa 6 ile ile! Asomaye juu juu atadhani imerushwa kama kombora.

Kwa raia hilo ni jambo la kuchekesha. Kwetu sisi ni jambo la ulinzi. Entebbe ikipasha habari kwamba ndege yenye mahabusu itatua 1200, nayo imehesabu kwa saa yake, basi itatua 1100 ya Kigali. Walinzi wakija 1200, watakuta mahabusu amekwisha kungoja saa nzima bila wa kumpokea. Ndiyo maana majeshi huongeza herufi: 1100B, yaani Bravo, ni saa ya Kigali, 1200C, yaani Charlie, ni saa ya Entebbe, Nairobi na Dar es Salaam. Herufi moja tu, wala haigharimu wino.

Waendao kulinda amani wazingatie pia kwamba Bangui hutumia Alpha, saa moja nyuma yetu. Juba ilikuwa Charlie hadi tarehe 1 Februari 2021, iliporudisha saa zake nyuma na kulingana na Kigali. Jedwali lolote la kabla ya siku hiyo lililobaki ofisini lisahihishwe kabla ya zamu ijayo.