Nani Anakula Bei ya Chupa ya Dawa Lishe?

Kuanzia Tabora mjini kupita Urambo na Uvinza hadi Ujiji, mgonjwa wa kisukari au presha hakosi mtu wa kumpa habari za dawa lishe. Bidhaa zenyewe ni za namna nyingi: juisi zilizochachushwa, unga wa vimeng'enya vya matunda na mboga, vidonge vya bakteria rafiki wa tumbo. Baadhi huuzwa madukani, lakini nyingi hupitia mkononi mwa mtu unayemjua, awe jirani, mwalimu au muumini mwenzako, aliyejiunga na biashara ya mtandao. Ahadi zinafanana: kimeng'enya kitasafisha damu, kitaamsha kongosho, kitamwondolea mgonjwa adha ya kumeza vidonge kila siku. Wakosoaji wengi huishia kuuliza kama bidhaa hizi ni feki. Swali hilo ni la haki lakini halifiki mbali, maana hata chupa iliyo halisi kabisa, yenye kila kilichoandikwa kwenye lebo, huuzwa kwa bei ambayo kilichomo hakiwezi kuieleza. Mnunuzi hulipia vitu vitatu kwa mpigo: chakula kilichochachushwa, njia iliyokifikisha, na dai la tiba. Vikitenganishwa, inaonekana kwamba cha kwanza ni rahisi na kina faida yake, na kwamba pesa nyingi huliwa na viwili vilivyobaki.

Tuanze na chakula. Kimeng'enya si mgeni katika majiko ya Tanzania. Pika uji mzito wa mtama, uache upoe hadi uwe vuguvugu, kisha tia kijiko cha kimea, yaani unga wa ulezi ulioloweshwa, ukaota na kuanikwa. Baada ya dakika chache mwiko uliokuwa mzito unateleza wenyewe. Uji umelegea na umeanza kuwa mtamu. Hiyo ni kazi ya amilesi, kimeng'enya cha nafaka inayoota, ambacho hukata wanga kuwa sukari. Ndiyo maana Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilihimiza kimea katika miaka ya 1980: uji ukilegea bila kuongezwa maji, mtoto hupata chakula kingi zaidi katika kila kijiko. Lakini kazi hiyo hufanyika sufuriani. Kimeng'enya ni protini, na kikimezwa hukutana na asidi ya tumbo na kusagwa, kwa sehemu kubwa, kama protini ya maharage. Zipo hali ambapo hospitali huvitoa vimeng'enya kama dawa, hasa kongosho linaposhindwa kuvitengeneza, ila huwekwa katika kapsuli zinazostahimili asidi na kazi yake ni kusaga chakula tu. Havirudishi insulini. Tena kimea hichohicho kinachoutia uji utamu ni cha kutazamwa kwa hadhari na mwenye kisukari.

Haifuati kwamba vyakula vilivyochachushwa havina faida. Utafiti uliofanyika Ilula, mkoani Iringa, na kuchapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa togwa kila siku walibeba vimelea vichache vya kuhara kuliko wenzao waliopewa uji usiochachushwa. Mwanza nako, tangu miaka ya 2000, vikundi vya kinamama vimekuwa vikitengeneza mtindi wenye bakteria teule kwa ushirikiano na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na chuo kikuu kimoja cha Kanada, na miongoni mwa walaji ni watu wanaoishi na VVU. Mradi ule ulikubali kupimwa. Watafiti walipowapa wanawake wenye VVU bakteria hao kwa wiki 25, chembe zao za kinga za CD4 hazikuongezeka. Mtindi uliendelea kuwa chakula bora, ila haukupewa cheo cha dawa.

Sasa tuitazame njia. Katika karne ya 19, nguo za merikani, shanga na waya wa shaba vilivyotoka Unguja na kupitia Bagamoyo vilipanda bei kila hatua kabla ya kufika Tabora: ujira wa wapagazi, posho ya chakula, na hongo kwa kila mtemi ambaye msafara ulikatiza nchi yake. Mtemi Mirambo alipogombana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871, njia ya Ujiji ikafungwa na biashara ikazorota, ingawa nguo zilikuwa zilezile. Biashara ya mtandao nayo ina ngazi za hongo yake. Anayekuuzia chupa hupata sehemu, aliyemwingiza hupata sehemu, na aliye juu ya huyo hupata pointi zake. Tofauti ni kwamba hongo ya mtemi ilinunua ruhusa ya kupita, ilhali kamisheni hii hununua imani ambayo mgonjwa alikuwa nayo tayari kwa ndugu yake. Ndiyo sababu bei haishuki wauzaji wanapoongezeka: kila muuzaji mpya ni mdomo mwingine wa kulishwa na chupa ileile.

Kitu cha tatu ni dai, na hapa watetezi wa biashara hii wana hoja za kujibiwa. Ya kwanza ni shuhuda: fulani alitumia akapona. Kisukari na presha hupanda na kushuka, na anayeanza dawa lishe mara nyingi huambiwa pia aache soda, apunguze ugali na atembee. Sukari ikishuka, sifa huenda kwa chupa. Hoja ya pili ni kwamba vitu vya asili havidhuru. Papeini ya mpapai na bromeleni ya nanasi zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu kwa anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda. Hata hivyo, hatari kubwa haimo ndani ya chupa. Ni mgonjwa kuacha insulini au vidonge vya presha akisubiri kongosho liamke. Ya tatu ni kwamba bidhaa ina kibali. Tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko kwa Shirika la Viwango (TBS), dawa ziko kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na tiba asili ina Baraza lake chini ya sheria ya mwaka 2002. Kibali cha kuuza kitu kama chakula husema kitu hicho ni salama kuliwa, hakisemi kinatibu.

Hoja nzito kuliko zote ni ya nne: hospitali imewaacha wagonjwa hawa, na mtandao umewapokea. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kama robo ya watu wazima wana presha na karibu asilimia 9 wana kisukari. Magonjwa hayo hayaishi, na kwa mtu wa Kaliua au Sikonge kufika hospitali ya Kitete au Nkinga kila mwezi ni nauli na siku nzima ya kazi. Mwaka 2011 maelfu waliokwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapila walilipa shilingi 500 kwa kikombe cha dawa yake, na nauli iliyozidi kikombe mara nyingi. Uhitaji ule ulikuwa wa kweli, na bado upo. Ni kweli pia kwamba mtandao umewapa wanawake na vijana kipato. Ila kipato hicho hutoka katika mfuko wa mgonjwa ambaye angeweza kununua mtindi wa ng'ombe wa Igunga, na chenji ikamtosha kupima sukari.

Kupiga marufuku bidhaa hizi kutazihamishia uchochoroni. Linalofaa ni kulitoza dai gharama yake: anayeuza chakula aseme ni chakula, na anayetaja kisukari, hata katika semina au kundi la WhatsApp, adaiwe ushahidi uleule unaodaiwa kwa dawa. Zahanati nazo zimuulize mgonjwa anatumia nini kingine, bila kumgombeza, maana akigombezwa huficha. Na wafugaji na kinamama wa mtindi wapewe viwango vya TBS na masoko, wauze kwa jina la chakula. Faida yao kwa kila chupa itakuwa ndogo kuliko ya mtandao, lakini mteja wao atarudi wiki ijayo bila kushawishiwa, na hiyo ndiyo biashara inayoweza kudumu Tabora.